Fomu ambayo hakuna aliyeijaza: hutoka wapi?

Nchini Burundi, fomu ya kituo cha afya ni hati ya malipo. Tangu Aprili 2010, vituo vya afya na hospitali kote nchini vimekuwa vikilipwa kulingana na huduma vilizotoa: uzazi uliosimamiwa na mhudumu, chanjo iliyokamilishwa, mtoto aliyetibiwa. Utaratibu huo uliunganishwa na uamuzi wa Mei 2006 wa kuwaondolea gharama za matibabu watoto walio chini ya umri wa miaka 5 na akina mama wanaojifungua. Kinachoandikwa ndicho kinachohesabiwa, na kinachohesabiwa ndicho kinacholipwa.

Ndiyo maana fomu inapojitokeza kwenye mfumo wa kompyuta bila mtu yeyote kukumbuka kuijaza, jambo hilo haliwi la mafundi peke yao. Wa kwanza kuulizwa ni muuguzi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuguzi katika kituo cha afya cha mtaa kama Magarama, mjini Gitega, anaandikisha uzazi mmoja asubuhi. Daftari la chumba cha kujifungulia lina mstari mmoja. Jioni, msimamizi wa takwimu anafungua mfumo na kukuta fomu mbili zenye jina lilelile la mama na tarehe ileile. Kamati ya mkoa ya uhakiki, ambayo kazi yake ni kulinganisha madaftari ya vituo na idadi zilizotangazwa, itakapofika itakuta hesabu mbili zisizolingana. Neno "udanganyifu" huwa karibu sana na ulimi katika hali kama hiyo, na mara nyingi hutamkwa kabla ya mtu yeyote kuuliza programu yenyewe ilifanya nini.

Udanganyifu upo, na hakuna sababu ya kuukanusha. Hata hivyo, wanaotengeneza mifumo hii wanafahamu vyema kwamba fomu nyingi za ziada huzaliwa na mashine, kwa njia zinazoweza kufuatiliwa hatua kwa hatua. Makala haya yanaeleza njia hizo.

Mbiu inayolia mara mbili

Mifumo ya kukusanya taarifa za afya haiandikwi na mkono mmoja. DHIS2, inayoendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway na kutumiwa na wizara za afya za nchi nyingi za Afrika, Burundi ikiwemo, huruhusu watu wa nje kuongeza vipande vyao. OpenMRS, ambayo mizizi yake iko Eldoret nchini Kenya na ambayo ilianza mwaka 2004, imejengwa kwa vipande vya aina hiyo tangu mwanzo. Vipande hivyo huitwa programu-jalizi: kimoja hukokotoa umri kutokana na tarehe ya kuzaliwa, kingine huchapisha kadi ya mgonjwa, kingine hupeleka nakala ya taarifa makao makuu.

Mwandishi wa programu-jalizi mmoja hamjui mwandishi wa mwingine. Ili vipande vyao vifanye kazi pamoja, programu kuu hutangaza kila jambo linalotokea ndani yake. Fomu imeundwa. Fomu imefunguliwa. Fomu imehifadhiwa. Kila tangazo la namna hiyo huitwa tukio, na kila programu-jalizi huchagua matukio ya kuyasikiliza na la kufanya inapoyasikia.

Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Katika programu za kompyuta, mbiu inaweza kulia mara mbili kwa jambo moja, au ikalia mara moja na kusikiwa na mtu yuleyule kwa masikio mawili. Inaweza pia kulia kabla jambo lenyewe halijatokea. Katika hali zote hizo, programu-jalizi iliyoagizwa "ukisikia fomu imeundwa, andika rekodi" itatii agizo lake bila kuuliza. Haina akili ya kushangaa kwamba mama mmoja amejifungua mara mbili ndani ya sekunde moja.

Kufunguliwa si kuundwa

Kosa la kwanza, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ndilo kubwa kuliko yote, ni la maana ya maneno. Fomu huundwa lini?

Kwa muuguzi jibu ni rahisi: fomu huundwa anapoijaza na kuihifadhi. Kwa programu, mambo ni mengine. Ili ukurasa mtupu uonekane kwenye kioo, programu lazima kwanza itengeneze fomu katika kumbukumbu yake, iweke tarehe ya leo, iweke jina la kituo, ipange maswali. Kwa hiyo hutangaza "fomu imeundwa" hata kabla muuguzi hajagusa herufi moja. Akibadili mawazo na kurudi nyuma, fomu ile tupu inaweza kubaki. Akifungua tena fomu ya jana ili asahihishe uzito wa mtoto, programu hutengeneza upya ukurasa uleule, na tangazo lilelile linaweza kutoka kwa mara nyingine.

Waliounda ODK, mfumo wa kujaza fomu kwa simu ulioanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani na kutumiwa mapema katika upimaji wa virusi vya Ukimwi nyumba kwa nyumba magharibi mwa Kenya, walilazimika kulitenganisha jambo hili waziwazi. Katika kanuni za fomu zao kuna tukio linalotokea mara moja tu katika maisha ya nakala ya fomu, yaani inapopakiwa kwa mara ya kwanza kabisa, na kuna tukio jingine linalotokea kila mara nakala hiyo inapopakiwa. Anayetaka kuandika saa ya kuanza kwa mahojiano hulitumia la kwanza. Akilitumia la pili kwa bahati mbaya, kila atakayefungua fomu ili kuikagua ataibadilisha saa hiyo bila kujua.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo kwa msomaji. Lakini programu-jalizi iliyoandikwa na mtu aliyedhani kwamba kufunguliwa na kuundwa ni kitu kimoja itafanya kazi vizuri kabisa siku ya majaribio, kwa kuwa siku hiyo kila fomu hufunguliwa mara moja tu. Itaanza kuharibu mambo siku msimamizi atakapopita kukagua fomu za wiki nzima.

Kitufe, msikilizaji wa pili na kioo cha ukaguzi

Kuna sababu nyingine ambazo hazihusiani na maana bali na ufundi, nazo zinajulikana sana miongoni mwa waandishi wa kurasa za mtandao.

Mojawapo ni kitufe. Katika lugha inayotumika kuandika kurasa hizo, kitufe chochote kilichowekwa ndani ya fomu huhesabiwa kuwa cha kutuma fomu, isipokuwa mwandishi ametamka vinginevyo. Mtu anaongeza kitufe kidogo cha "kokotoa umri" na kusahau kukitaja aina yake. Muuguzi anakibonyeza ili ajue umri wa mtoto, umri unatokea, na kimyakimya fomu nayo imetumwa. Baadaye anabonyeza "hifadhi", na fomu inatumwa tena. Ametumia kila kitufe kwa kazi yake halali, na matokeo ni rekodi mbili.

Nyingine ni msikilizaji aliyeandikishwa mara mbili. Programu-jalizi hujiandikisha kusikiliza matukio ukurasa unapofunguka. Mtumiaji akienda ukurasa mwingine na kurudi, hujiandikisha tena, na kama haikujiondoa mara ya kwanza, sasa ina masikio mawili. Akirudi mara tano, masikio sita. Dalili yake ni ya pekee: asubuhi mfumo uko sawa, adhuhuri fomu zinajirudia mara mbili, jioni mara nne, na mtu akizima kompyuta na kuiwasha mambo yanatulia. Wafanyakazi wengi wameishi na ugonjwa huu kwa miezi wakidhani kompyuta yao "inachoka".

Kwa ajili ya ugonjwa huohuo, React, maktaba ya programu iliyotokea katika kampuni ya Facebook na ambayo hutumika pia kujengea kurasa za DHIS2, iliongeza jambo la ajabu katika toleo lake la 18 la Machi 2022. Mwandishi anapokuwa bado katika hatua ya majaribio na amewasha ukaguzi mkali, maktaba hiyo hukiweka kila kipande cha ukurasa, hukiondoa, kisha hukiweka tena kwa makusudi. Kipande kisichojua kujiondoa hujifichua papo hapo kwa kutoa matukio mawili. Wengi walioona matukio hayo kwa mara ya kwanza walidhani maktaba ina hitilafu, wakauzima ukaguzi huo. Hitilafu ilikuwa kwao, na kwa kuuzima walikuwa wamekivunja kioo kilichowaonyesha.

Mtandao unapokatika katikati ya neno

Sababu hizo zote zinaweza kutokea Oslo kama zinavyotokea Gitega. Hii inayofuata ina uzito zaidi mahali ambapo umeme na mtandao havitabiriki.

Kishikwambi kinapotuma fomu, hungoja jibu kutoka kwenye seva: "nimepokea". Tuseme fomu imefika, seva imeiandika, lakini mtandao ukakatika jibu likiwa njiani. Kishikwambi hakijui kilichotokea. Kwa upande wake, fomu iliyofika bila jibu na fomu iliyopotea njiani ni kitu kimoja. Kikinyamaza, huenda taarifa ikapotea. Kikituma tena, huenda ikaandikwa mara mbili. Programu nyingi huchagua kutuma tena, na huo ndio uamuzi sahihi, maana taarifa iliyorudiwa inaweza kufutwa lakini iliyopotea hairudi.

Dawa ya jambo hili inajulikana. Kila fomu hupewa kitambulisho chake mwenyewe pale inapozaliwa kwenye kishikwambi, kabla haijatumwa popote. Katika ODK kitambulisho hicho ni namba ya bahati nasibu ya biti 128, inayoandikwa kwa alama 32 zilizotenganishwa na vistari vinne, na uwezekano wa fomu mbili kupata namba moja ni mdogo kiasi cha kutostahili kuhofiwa. Seva ya ODK ikipokea kitambulisho inachokijua tayari, chenye maudhui yaleyale, hujibu tu kwamba imepokea, bila kuunda rekodi mpya. Maudhui yakiwa tofauti, hukataa.

Mahali ambapo programu-jalizi hukosea ni katika saa ya kukitoa kitambulisho. Ikikitoa wakati wa kutuma, kila jaribio la kutuma linabeba namba mpya, na seva inaona wageni wawili badala ya mgeni mmoja aliyebisha hodi mara mbili.

Inafaa hapa kutaja jambo moja ambalo huwachanganya hata wasimamizi wazoefu wa DHIS2. Mfumo huo huhifadhi taarifa kwa njia tofauti. Jumla ya mwezi, kwa mfano idadi ya wajawazito waliohudumiwa Machi, hutambulishwa na kipimo chenyewe, kipindi na kituo. Ukiituma mara tatu, ya mwisho huchukua nafasi ya zilizotangulia, na hesabu haiongezeki. Rekodi ya huduma moja kwa mtu mmoja haiko hivyo: kila inapotumwa kama mpya, inakuwa mpya. Nchi zinapohama kutoka kwenye jumla za mwezi kwenda kwenye rekodi za mtu mmojammoja, zinahama pia kutoka mahali ambapo kurudia hakudhuru kwenda mahali ambapo kunadhuru. Tabia ya kubonyeza "tuma" mpaka uridhike, ambayo jana haikuwa na gharama, leo inayo.

Kumtafuta mzaliwa

Mtu anayetaka kujua fomu ya ziada imetoka wapi asianze na msimbo wa programu. Aanze na saa.

Fomu mbili zilizozaliwa ndani ya sekunde moja mara nyingi hazikutengenezwa na vidole vya binadamu. Hapo atafutwe msikilizaji wa pili. Fomu zilizoachana kwa nusu dakika au dakika chache zinaelekeza kwenye kitufe kilichobonyezwa tena au programu iliyojaribu kutuma upya. Zilizoachana kwa saa kadhaa, hasa zikiwa nyingi kwa mkupuo, zinaonyesha kishikwambi kilichokaa bila mtandao kisha kikaupata. Na fomu tupu, yenye tarehe na jina la kituo tu, karibu kila mara ni ukurasa uliofunguliwa ukaachwa.

Saa yenyewe ichunguzwe. Seva nyingi huandika wakati wa dunia, ambao kwa Burundi uko nyuma kwa saa mbili. Mtoto aliyezaliwa Gitega saa saba na nusu za usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili anaweza kuandikwa na seva kuwa wa tarehe 31 Machi, saa tano na nusu za usiku. Ripoti ya Machi, ambayo kituo kilishaifunga, inaongezeka fomu moja ambayo hakuna anayeikumbuka, na ya Aprili inapungua moja. Watoto hupenda kuzaliwa usiku, kwa hiyo mfano huu si wa nadra.

Hatua ya pili ni kumwomba mashine ataje njia aliyopita. Karibu kila lugha ya programu inaweza kuonyesha mlolongo wa miito: nani alimwita nani mpaka fomu ikaundwa. Fundi huweka kituo cha kusimama mahali hasa fomu inapozaliwa, anafanya kazi kama muuguzi anavyofanya, na mara mbiu inapolia anasoma orodha kutoka juu kwenda chini. Jina la programu-jalizi iliyopiga mbiu litakuwa humo. Kufanya kazi kama muuguzi ndiyo sehemu ngumu. Fundi aliyeketi Bujumbura kwenye mtandao wa kasi, akijaza fomu moja polepole, hataona kitu. Inabidi akate mtandao katikati, arudi nyuma, afungue fomu ya jana, abonyeze mara mbili kwa kukosa subira.

Pale mlolongo unapokosekana, kuna njia ya kizamani ambayo haijawahi kushindwa sana: zima nusu ya programu-jalizi. Tatizo likiendelea, mkosaji yuko katika nusu iliyobaki; likikoma, yuko katika iliyozimwa. Kisha gawa tena. Programu-jalizi 16 huhitaji duru nne tu. Ugumu hutokea pale wakosaji wanapokuwa wawili, kila mmoja akiwa mwema akiwa peke yake: mmoja huhifadhi fomu kila inapobadilika, mwingine huibadilisha kila inapohifadhiwa. Wawili hao wakikutana huzungushana bila kukoma, na mfumo unaweza kujaza mamia ya rekodi kabla mtu hajanywa chai yake.

Muda wote huo, ushahidi wenye nguvu kuliko wote unaweza kuwa kwenye karatasi. Daftari la kituo halina matukio wala wasikilizaji, lina mstari mmoja kwa kila huduma. Vituo vinavyofikiria kuliacha daftari mara baada ya kupokea vishikwambi vinapoteza shahidi pekee ambaye hitilafu ya programu haiwezi kumgusa.

Kufuta ni kazi nyingine

Kuiponya programu-jalizi hakuondoi fomu zilizokwisha kuandikwa. Hapa ndipo kishawishi cha kutumia kanuni rahisi huwa kikubwa: futa kila fomu yenye mama yuleyule, tarehe ileile na kituo kilekile.

Kanuni hiyo ina hatari ambayo Mrundi yeyote ataiona upesi kuliko fundi wa Oslo. Mapacha huzaliwa na mama mmoja, siku moja, katika kituo kimoja, wakiachana kwa dakika chache, na mara nyingi huwa wa jinsia moja na uzito unaokaribiana. Kwa macho ya kanuni, wa pili ni nakala ya wa kwanza. Hata majina hayasaidii sana, kwa kuwa kwa desturi ya Burundi ndugu hawalazimiki kuwa na jina moja la ukoo, na mfumo uliozoea kupanga watu kwa ukoo hauna cha kushika. Isitoshe, siku ya kuzaliwa fomu nyingi huandikwa bila jina la mtoto.

Kwa hiyo fomu zinazofanana hupaswa kwanza kuwekewa alama, zisifutwe. Vitambulisho vyake hulinganishwa, kisha saa zake, kisha mtu hufungua daftari na kutafuta mistari. Fomu zenye kitambulisho kimoja zinaweza kuunganishwa bila wasiwasi. Zenye vitambulisho viwili zinangoja mtu wa kituo aseme, na anayejua ni yule muuguzi aliyekuwa zamu. Ataangalia ukurasa wa siku hiyo. Akikuta mstari mmoja, fomu ya pili inaondolewa na hesabu ya malipo inarekebishwa, maelezo ya hitilafu yakiambatanishwa kwa ajili ya kamati ya uhakiki. Akikuta miwili, Bukuru na Butoyi, mkubwa na mdogo wa mapacha kama wanavyoitwa nchini humo, fomu zote mbili zinabaki.